Mwongozo kamili wa kusikiliza albamu tulivu kwenye santuri, tukitumia Automatic for the People ya R.E.M.

Nianze na aibu yangu kwanza. Shemeji yangu anayeishi Houston alinitumia deki ya santuri, deki ya zamani lakini nzima kabisa, na ndani ya boksi akaweka santuri moja tu, Automatic for the People ya R.E.M., bendi ya rock ya Marekani. Mi nilikuwa najua umeme wa Marekani ni volti 120 na wetu 230, nikaenda nikanunua transfoma ya kushusha, jamaa wa dukani akaniambia hapo umemaliza kila kitu, nikachomeka, nikaanza kusikiliza. Wiki mbili nzima. Nikawa nasimulia kila mtu kwamba hii albamu bwana ina huzuni nzito, huyu mwimbaji wao Michael Stipe anaimba kama mtu katoka msibani hajalala siku tatu. Siku moja nikaisikia kwenye gari la rafiki yangu, kwa simu, nikashtuka. Jamaa anaimba kawaida! Kumbe deki yangu ilikuwa inazunguka polepole.

Transfoma inashusha volti, haigusi hezi, yaani mara ngapi umeme unapiga kwa sekunde. Marekani umeme ni hezi 60, huku kwetu 50, na deki nyingi za zamani mota yake inafuata hezi za ukutani, kwa hiyo badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika yangu ilikuwa inaenda kama 27.8 hivi. Hapo muziki unachelewa halafu sauti nayo inashuka zaidi ya nusu toni tatu, mwanaume wa kawaida anakuwa mzee wa kijiji.

Nimeisimulia hii kwa sababu ndo shida nzima ya albamu tulivu. Ukipiga rock ya kelele mashine ikiwa na kasoro utaigundua mapema, au kelele zitaifunika usijue kabisa na maisha yaendelee. Albamu ya polepole inakudanganya, kasoro ya mashine unaiita hisia za mwanamuziki. Kwa hiyo kazi yote hapa chini ni kutenganisha, hiki ni cha bendi, hiki ni cha deki yangu.

Kwanini hii albamu

R.E.M. walianza mwaka 1980 Athens, mji wa chuo kikuu kule jimbo la Georgia, watu wanne: Stipe sauti, Peter Buck gitaa, Mike Mills besi na piano, Bill Berry ngoma. Walizunguka miaka na miaka kwenye vilabu vidogo mpaka wakawa wakubwa. Automatic ilitoka Oktoba 1992, albamu yao ya nane, na kabla yake walikuwa wanasema wanataka kurudi kwenye rock ya kelele. Ikatoka kinyume kabisa. Gitaa kavu, piano, vinanda vya nyuzi (fidla na wenzake), nyimbo za watu wanaokufa na muda unaopita, na wenyewe walikuwa kwenye miaka thelathini na kidogo tu. Tena hawakufanya ziara ya kuitangaza. Jina lenyewe, msije mkadhani ni siasa, ni kauli ya mwenye mgahawa mmoja wa Athens unaoitwa Weaver D's, ukiagiza chakula alikuwa anakujibu "Automatic". Na ile nyota kwenye kava ni pambo la kibao cha moteli huko Miami.

Kwa msikilizaji wa santuri muhimu zaidi ni urefu wake. Kila upande una nyimbo sita na unaenda kama dakika 24. Hiyo ni ndefu kwa santuri. Upande ukiwa mrefu mifereji, ile mistari sindano inamopita, inabanwa, na ili itoshe inabidi sauti ichongwe kwa kiwango cha chini, sasa sauti ikiwa chini ule mchakacho wa santuri yenyewe unakuwa karibu na muziki. Weka na nyimbo zenyewe tulivu juu yake. Vumbi ambalo kwenye santuri nyingine wala hulisikii, hapa linakaa katikati ya piano kama mtu anakaanga mihogo chumba cha pili.

Hatua ya 1: hesabu mizunguko

Usianze na sindano wala spika, anza na spidi. Kata kakaratasi kadogo, weka ukingoni mwa lebo ya santuri, washa deki, shika simu ipime dakika tatu kamili na uhesabu. Mizunguko 33 na theluthi mara tatu ni 100. Ukipata 100 uko sawa. 99 au 101 usijisumbue, pengine umekosea kuhesabu wewe. Ukipata 83 umeshajua, deki yako imetoka nchi ya hezi 60 kama yangu na transfoma yako haijakusaidia kwenye spidi.

Dawa inategemea deki. Nyingine zina puli ya kubadilisha, kale kagurudumu ka mota kanakozungusha mkanda, ile ya 50 ni nene kidogo kuliko ya 60, fundi wa kuchonga chuma anaweza kukutengenezea kama ya kununua haipatikani (mi ndo nilifanya hivyo, ya kwanza ilikuja imepinda, ya pili ikakaa). Deki mpya nyingi zina mota ya DC na adapta inayokubali volti 100 mpaka 240, hizo hazina neno, chomeka tu. Ila kabla mtu hajakutumia deki kutoka nje mwambie apige picha kibandiko cha nyuma, usome volti na hezi zote mbili.

Kama deki ni ya mkanda angalia na mkanda. Ukilegea spidi inayumba, na hapo utaisikia kwenye noti ndefu ya piano, inatetemeka kama sauti iko ndani ya maji. Piano ya hii albamu haitetemeki.

Hatua ya 2: mahali pa kukaa deki

Meza nzito, isiyo meza moja na spika. Spika zikitikisa meza sindano inasikia, inarudisha kwenye spika, linatokea vuuuum ambalo ukiongeza sauti linakua. Kama nyumba yako ina sakafu ya mbao, au watoto wanaruka, funga rafu ukutani. Halafu usawa. Wenye kipimo cha fundi seremala watumie, wasio nacho simu ina programu zake, na ukikosa vyote glasi ya maji juu ya deki itakuonyesha imelala upande gani. Kunja karatasi weka chini ya mguu. Imeisha.

Hatua ya 3: sindano na uzito wake

Hapa nakaa kidogo maana ndo panaharibu santuri za watu.

Zile deki za sanduku la kubeba, zenye spika zake ndani, nyingi sindano zake ni nzito na mkono unaobeba sindano hauna pa kurekebisha. Nilikuwa nayo moja, siitaji ya nani. Zinapiga, ndio, ila mwishoni mwa upande, karibu na lebo, herufi S zote zinakuwa kama mtu anapuliza moto. Kama ndo unayo sikiliza tu, lakini santuri ya bei ujue unaiweka hatarini.

Kama mkono una uzito wa nyuma unaozunguka fanya hivi. Toa kifuniko cha sindano, weka antisketi (kile kirekebisho kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati) kwenye sifuri, fungua mkono, zungusha uzito wa nyuma taratibu mpaka mkono uelee wenyewe hewani, hauinuki haushuki. Rudisha mkono kwenye kiti chake. Sasa zungusha ile ringi yenye namba PEKE YAKE mpaka isome sifuri, usizungushe uzito wote. Baada ya hapo ndo unazungusha vyote pamoja mpaka namba ya katriji yako, kile kichwa kidogo kinachoshika sindano. Ortofon 2M Red inataka gramu 1.8, Audio-Technica AT-VM95E inataka 2.0, zingine angalia karatasi yake. Antisketi iwe namba ileile au karibu yake.

Kama unaweza nunua mizani midogo ya kidijitali, ile ya sonara yenye desimali mbili, sio ghali. Ringi za deki za zamani zinadanganya. Na usidhani kwamba uzito mdogo ndo unatunza santuri, hapana, sindano ikiwa nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na ndo inauchana. Bora uwe juu kidogo ya namba kuliko chini.

Jambo la ndani zaidi: sindano ikiwa ukingoni mwanzo wa upande inapita kama sentimita 50 za mfereji kila sekunde. Ikifika karibu na lebo inapita kama 21 tu. Muziki uleule, nafasi chini ya nusu. Kwa hiyo mwisho wa kila upande ndo mahali pagumu kuliko pote. Na sasa angalia R.E.M. wameweka nini huko: upande wa kwanza unaisha na Sweetness Follows yenye chelo, upande wa pili unaisha na Nightswimming halafu Find the River. Nyimbo laini kuliko zote ziko mahali pabaya kuliko pote! Ndo maana sindano ya ncha ya yai inasaidia sana hapa kuliko ile ya ncha ya mviringo, inaingia kwenye vipindo vidogo ambavyo ile nyingine inavipita juu. Na ndo maana katriji lazima ikae imenyooka, kuna karatasi ya kupimia unaprinti bure, unalinganisha kingo za katriji na mistari. Inachukua nusu saa na itakutoa jasho, screw zenyewe ndogo kama mbegu za mchicha.

Hatua ya 4: waya

Sauti inayotoka kwenye katriji ni ndogo mno, milivolti chache, lazima ipite kwenye priampu ya fono kabla ya amplifaya. Priampu inaikuza na pia inarudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kuchonga. Deki nyingine inayo ndani, ina swichi nyuma imeandikwa PHONO na LINE. Ukisikia sauti nyembamba kama redio ya mkulima huna priampu. Ukisikia nene, inapasuka, unazo mbili, moja kwenye deki moja kwenye ampu, zima mojawapo.

Mngurumo wa mmmmm usioisha ni waya wa athi. Ule waya mwembamba wenye kibano kama uma, ufunge kwenye skrubu ya ampu iliyoandikwa GND. Mi kipindi fulani nilidhani kwenye Everybody Hurts kuna kinanda cha chini chini kinaunguruma nyuma, nikawa nakisifia kabisa. Athi. Inua sindano sikiliza ukimya, kama mngurumo bado upo basi sio wa bendi.

Hatua ya 5: osha, hata kama ni mpya

Santuri mpya nayo inatoka na vumbi la karatasi. Brashi ya nyuzi za kaboni kila mara kabla ya kupiga, acha santuri izunguke, igusishe mizunguko miwili mitatu halafu ivute kwenda nje taratibu.

Ya mtumba inataka maji. Maji ya bomba yana chumvi, yakikauka yanaacha ukungu ndani ya mifereji. Tumia maji safi yale ya kuongezea betri ya gari, ila soma chupa mara mbili, yawe maji, ISIWE ASIDI. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita moja, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, unafuata mzunguko wa mifereji, usikate kati. Suuza na maji yaleyale yasiyo na sabuni, simamisha kwenye kichanja cha vyombo ikauke. Lebo isilowe. Spiriti ya duka la dawa muiache, nyingine zina mafuta ndani.

Na hapa tafadhali, wale wenye santuri za babu, zile nzito za mizunguko 78 zinazovunjika kama sahani ya udongo, za enzi za akina Siti binti Saad aliyeenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zile sio plastiki hii, zimetengenezwa kwa sheleki na spiriti inaziyeyusha. Kitambaa chenye spiriti kikipita umefuta urithi. Wala usizipige kwa sindano hii ya kawaida, mfereji wake ni mpana, zina sindano yake.

Kuhusu kununua, mwaka 1992 CD na kaseti ndo zilikuwa zimetawala, za santuri za wakati huo zikipatikana bei yake inauma. Kuna toleo la 2017 la kutimiza miaka 25, gramu 180, linatosha kabisa. Ukinunua mtumba ipige jicho chini ya taa moja kali, iinamishe. Michubuko ya juujuu mara nyingi haisikiki, wa kuogopa ni mkwaruzo ambao kucha inaukamata. Muuzaji akikuambia ni kama mpya mwombe apige dakika moja ya Nightswimming, sio Drive. Mimi nilipigiwa mwanzo tu nikaridhika, nyumbani mwisho wa upande ulikuwa mvua ya mawe.

Hatua ya 6: saa na sauti

Usiku. Sio mambo ya mahaba, ni hesabu tu, mchana kuna bodaboda, kuna jirani na singeli yake, kuna jenereta, utaongeza sauti kushindana nao na kila ufa wa santuri utaongezeka nao. Saa nne tano hivi mtaa ukishalala. Feni izime kama unaweza kuvumilia, na kama friji iko chumba hichohicho utashangaa inavyopiga kelele.

Piga Drive, wimbo wa kwanza. Inaanza gitaa kavu na sauti tu. Weka sauti mpaka Stipe awe kama mtu aliyekaa kiti cha mbele yako, sio aliyesimama jukwaani. Basi usiguse tena. Umbali wako na spika uwe kama umbali kati ya spika na spika, na masikio yawe usawa wa spika ndogo za juu.

Hatua ya 7: kusikiliza sasa

Drive inajaa taratibu, vinanda vya nyuzi vinaingia, na vinanda hivyo vilipangwa na John Paul Jones, yule mpiga besi wa bendi ya Led Zeppelin. Alipanga kwenye nyimbo nne: Drive, The Sidewinder Sleeps Tonite, Everybody Hurts na Nightswimming. Ukishajua hizo nne zisikilize kwa kulinganisha, utaona hajaweka sukari hovyo, vinanda vinasubiri.

Try Not to Breathe ni mtu mzee anayezungumzia kuondoka kwake. Sidewinder ndo pumziko, anacheka ndani yake, sikiliza. Kisha Everybody Hurts, mnaujua wote, umepigwa kwenye redio mpaka ukachosha, lakini hebu usikie hapa. Sehemu kubwa ya wimbo aliitunga Bill Berry, mpiga ngoma, na ajabu yake wimbo wa mpiga ngoma unaendeshwa na mashine ya ngoma, tik tik ileile kavu. Kwenye simu hiyo tik tik hutaijali. Kwenye santuri inasimama katikati kama saa ya ukutani nyumba yenye mgonjwa. Hiyo ni ya bendi, usiende kukagua sindano.

Kuna kipande kifupi cha ala tupu, New Orleans Instrumental No. 1, dakika mbili na kidogo, wengi wanakiruka kwenye simu. Huku kuruka ni kuinuka, kwa hiyo unakaa, na ukikaa unaona kinachofanya, kinakutoa kwenye Everybody Hurts kukupeleka Sweetness Follows bila kukugonga. Sweetness Follows ina chelo zito na gitaa linalopiga yowe nyuma. Hilo yowe mi nililifukuza wiki nzima nikidhani ni sindano imekwisha. Ni la makusudi. Namna ya kujua: kasoro ya sindano inashika kila S na kila noti kali, yowe la gitaa linaingia na kutoka kwa wakati wake.

Geuza. Usikimbilie, nenda kachukue maji, dakika tano za kimya baada ya huo wimbo ni sehemu ya albamu kwa maoni yangu.

Upande wa pili una Ignoreland, ndo rock yenyewe, hasira za siasa za Marekani, magitaa yanakwaruza, na ndo wimbo ninaoupenda kidogo kuliko yote humu. Mkono utakuwasha kupunguza sauti. Usipunguze, maana utasahau kurudisha na zinazofuata zitakuwa mbali. Man on the Moon ni ya mchekeshaji Andy Kaufman, hiyo nayo inajulikana.

Halafu Nightswimming. Hakuna ngoma, hakuna gitaa. Mills kwenye piano, Stipe anaimba, vinanda, na kuelekea mwisho zumari la oboi. Piano inazunguka kiduara kilekile, haifiki mahali inatua. Kama umefanya hatua ya 1 mpaka 5 hapa ndo utalipwa, noti zinasimama wima, kati ya noti na noti hakuna kitu. Kama hujafanya, hapa ndo utajua zote ulizoruka, moja moja.

Find the River, mwisho. Mills na Berry waliimba sauti za nyuma kila mmoja peke yake bila kumsikia mwenzake, halafu zikawekwa pamoja. Ukishajua hilo huwezi kutosikia, mmoja anakwenda huku ametulia, mwingine anaita, na hawagongani. Mara ya kwanza mfuate mmoja tu mpaka mwisho. Siku nyingine mfuate wa pili.

Baada ya hapo

Inua mkono kwa kile kijiti chake, sio kwa kidole kinachotetemeka. Santuri irudi kwenye mfuko wa ndani wa plastiki laini, ule wa karatasi unachuna, na isimame wima kabatini, isilale na wenzake juu. Isiachwe kwenye gari mchana, itarudi imepinda kama chapati. Watu wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, acheni nafasi nyuma ya kabati hewa ipite maana kava linashika fangasi.

Na kama deki yako haijiinui yenyewe mwisho wa upande, weka alamu ya simu dakika 23. Mi nilishasinzia kwenye Find the River, nikashtuka saa tisa usiku, tk, tk, tk, sindano bado iko pale inazunguka, na nusu usingizini nikawa nasema hii sehemu ya mwisho mbona sikuwahi kuisikia.